Nyumba Njema Si Mlango: Kazi Sita za Kufanya Kabla ya Kuhamia



Familia nyingi za parokia zetu hazijengi nyumba kwa mkupuo mmoja. Mwaka huu kinanunuliwa kiwanja, mwaka unaofuata unachimbwa msingi, matofali yanafyatuliwa baada ya mavuno au mkopo wa chama unapotoka, kisha kazi inasimama mpaka ada za shule zilipwe. Hivyo ndivyo nyumba nyingi zilivyosimama, mijini na vijijini, wala hakuna aibu yoyote. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini katika safari hiyo ndefu kuna wakati mmoja unaohitaji uangalifu mkubwa. Ni pale familia inapoamua kuhamia kabla nyumba haijaisha. Kodi ya chumba imepanda, au wezi wameanza kubeba mbao na nondo usiku, au baba amechoka kumlipa mlinzi. Basi vyombo vinapakiwa kwenye mkokoteni, na usiku huo watoto wanalala katika pagale. Paa lipo, lakini madirisha yamezibwa kwa magunia. Sakafu ni kifusi. Choo ni cha jirani. Mama anapikia kwenye korido kwa sababu jiko halijajengwa. "Tutamalizia tukiwa ndani," tunaambiana.

Je, ni nini hufuata? Mtoto wa kwanza anapata malaria, wa pili anaharisha, mdogo kabisa anakohoa wiki nzima. Fedha iliyotengwa kwa plasta inakwenda kwenye dawa na nauli ya zahanati. Miaka inapita na nyumba haimaliziki, kwa sababu nyumba yenyewe inawaugua watu wanaotakiwa kuimalizia.

Katika ukurasa huu wa afya hatutaki kumwambia mtu asihame. Kukwepa kodi ni jambo la busara. Tunachotaka kusema ni kimoja tu: ziko kazi chache zinazotakiwa kutangulia, nazo kwa kawaida ndizo tunazoziacha mwisho. Wazee walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Geti la chuma, vigae na rangi ya nje vinaweza kusubiri. Yafuatayo hayawezi.

NYUMBA NI KINGA

Tumezoea kufikiri kwamba afya inapatikana hospitali. Hata hivyo ni zaidi ya miaka mia moja tangu ilipoonyeshwa wazi kwamba nyumba yenyewe yaweza kuwa kinga. Mwaka 1900, katika nchi tambarare karibu na Ostia huko Italia, mahali palipojulikana sana kwa malaria, madaktari wawili waitwao Luigi Sambon na George Low waliishi majira yote ya homa ndani ya kibanda cha mbao kilichozibwa wavu madirishani na mlangoni. Mchana walitembea nje kama watu wengine. Jua lilipokaribia kuzama waliingia ndani na kukaa humo hadi asubuhi. Hawakutumia kwinini, na hawakuugua malaria, ingawa majirani zao waliugua.

Jambo hilo limethibitishwa tena karibu na sisi. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Farafenni, nchini Gambia. Baadhi ya nyumba ziliwekewa wavu madirishani na milangoni na kuzibwa mianya ya juu ya ukuta. Nyingine ziliwekewa dari ya wavu tu. Nyingine ziliachwa kama zilivyokuwa. Katika nyumba zilizoachwa, watoto wapatao 19 katika kila 100 walikutwa na upungufu wa damu. Katika nyumba zilizozibwa, iwe kwa namna ya kwanza au ya pili, walikuwa wapatao 12. Hakuna aliyepewa dawa mpya. Kilichobadilika ni nyumba.

Hapa Tanzania, katika vijiji vya mkoa wa Mtwara, watafiti walijenga nyumba za mfano 110 zenye vyumba vya kulala juu, kuta za kupitisha hewa bila kupitisha mbu, jiko lisilofungia moshi, choo bora na tangi la maji ya mvua. Watoto walioishi humo waliugua malaria, kuhara na magonjwa ya njia ya hewa mara chache kuliko watoto wa nyumba za kawaida za vijiji hivyo.

Sisi hatuwezi kujenga nyumba ya namna hiyo mara moja. Lakini tunaweza kuchukua mafunzo yake na kuyatia katika pagale letu, moja baada ya lingine.

1. CHOO KITANGULIE

Kazi ya kwanza kwenye kiwanja iwe choo. Hata kabla ya msingi wa nyumba, mafundi na vibarua wanahitaji mahali pa kujisaidia. La sivyo watatumia vichaka ambamo kesho watoto watacheza.

Shimo lichimbwe mbali na kisima, angalau meta 30, na liwe upande wa chini wa mteremko, si upande wa juu. Vilevile kitako cha shimo kisifikie maji ya ardhini. Kiwe juu yake kwa meta mbili hivi, nanyi mpime wakati wa masika ambapo maji hupanda. Mahali ambapo maji yako karibu, afadhali kuinua choo juu kwa ngazi kuliko kuchimba shimo refu. Shimo la meta 3 kwenda chini na upana wa meta 1.2 huweza kuitumikia familia ya watu sita kwa miaka 7 au zaidi, mradi tusiligeuze kuwa jalala.

Ili kuondoa harufu na nzi, tuongeze bomba la hewa. Ujuzi huu ulibuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970, katika maabara ya Blair, na umeenea Afrika nzima. Bomba la plastiki la inchi nne litoke shimoni na kupanda hadi nusu meta juu ya paa la choo. Mdomo wake wa juu uzibwe kwa wavu usioliwa na kutu. Upepo ukipita juu hunyonya harufu kutoka shimoni. Nzi waliomo shimoni hufuata mwanga wa bombani, hufika kwenye wavu na kufia hapo. Ndiyo maana ndani ya choo cha namna hii pawe na giza kidogo, na tundu lisifunikwe kwa kifuniko cha kubana, kwa sababu hewa inapitia hapo. Kwa choo kisicho na bomba ni kinyume chake: kifuniko ni lazima, tena kila mara.

Karibu na mlango wa choo pawekwe kibuyu chirizi na sabuni. Dumu la lita tano, kamba, kipande cha mti cha kukanyagia, na kazi imekwisha. Mikono isiyonawiwa hufuta faida yote ya choo kizuri.

2. MBU ASIPATE NJIA

Mbu aletaye malaria huuma hasa usiku, na mara nyingi hutukuta ndani tumelala. Huvutwa na hewa tunayoitoa na harufu ya miili yetu. Akifika ukutani hupanda nao kwenda juu, na hapo hukuta mwanya kati ya ukuta na paa, pale upenuni. Katika nyumba zetu nyingi mwanya huo ndio mlango mkuu wa mbu, kuliko hata dirisha.

Basi fundi akimaliza kupaua, asiondoke kabla mwanya huo haujazibwa. Vipande vya matofali na udongo wa saruji vinatosha, na kwa nyumba ya udongo, udongo wenyewe uliokandwa vizuri. Mahali penye joto kali ambapo mwanya unahitajika kwa hewa, uzibwe kwa wavu badala ya tofali. Msisahau zile pembetatu za ukuta pande mbili za paa, ambazo hubaki wazi kwa miaka.

Madirisha yawekewe wavu hata kama hakuna fedha ya vioo wala mbao. Wavu ugongewe kwenye fremu kwa vijiti vyembamba vya mbao ili ukichakaa ubadilishwe kirahisi. Karibu na bahari wavu wa chuma huliwa na kutu upesi, kwa hiyo ule wa plastiki ni bora. Mlango uwe na wavu unaojifunga wenyewe kwa springi au kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Na ile nafasi chini ya mlango izibwe kwa ubao au kipande cha zulia kuukuu.

Wapo watakaosema: mkiziba hivyo tutakufa kwa joto. Ni kweli kwamba nyumba isiyo na hewa ni adui pia, maana kifua kikuu huambukizwa kwa urahisi zaidi katika chumba kilichofungwa chenye watu wengi. Dawa yake ni madirisha makubwa yenye wavu katika kuta mbili zinazotazamana, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Tukumbuke hili wakati wa kujenga kozi za ukuta, si baadaye. Kutoboa dirisha katika ukuta uliokwisha simama ni gharama mara mbili.

Ama dari, si lazima iwe ya jipsamu. Zile dari za Gambia tulizozitaja zilikuwa za wavu tu, uliofungwa chini ya kenchi. Hata hivyo chandarua chenye dawa kiendelee kutumika kila usiku. Wavu wa dirishani ni ukuta wa kwanza, chandarua ni wa pili.

Jambo lingine ambalo wajenzi hulisahau ni mashimo. Tunachimba udongo wa matofali, tunaacha shimo, mvua inanyesha, na hapo tumejijengea kiwanda cha mbu hatua kumi kutoka chumba cha watoto. Mapipa ya maji ya kumwagilia matofali nayo huzalisha mbu wa aina nyingine, yule mwenye madoa meupe anayeuma mchana na kuleta homa ya dengi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa hiyo mwaka 2014 na mwaka 2019. Basi shimo lifukiwe mara tu kazi inapokwisha, na pipa lifunikwe au limwagwe na kusuguliwa kila wiki.

3. MOSHI UTOKE

Katika pagale jiko huwekwa popote: kwenye korido, sebuleni, au chumba ambacho "baadaye kitakuwa stoo". Moshi wa kuni na mkaa unabaki ndani pamoja na mama na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Watoto hufa kwa vichomi, na watu wazima kwa magonjwa ya moyo, ya mapafu na kiharusi.

Kabla ya kuhamia, jengeni kibanda cha jiko nje, hata cha miti na mabati makuukuu. Kiwe na paa la kuzuia mvua, na kuta zisifike juu ili moshi utoke. Ikiwa lazima jiko liwe ndani ya nyumba, liwe na dirisha kubwa na tundu la moshi juu, upande ambao upepo unaelekea. Kuni zikauke vizuri, sufuria ifunikwe, na mtoto mchanga asikae jikoni wakati wa kupika.

Hapa tutoe onyo moja kali. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumba cha kulala, hata kama ni Julai huko Makete au Lushoto na baridi inauma. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu hulewa usingizini asiamke tena. Nyumba mpya iliyozibwa vizuri dhidi ya mbu ni hatari zaidi kwa jambo hili kuliko ile kuukuu yenye matundu.

Familia zinazotumia gesi zikumbuke kwamba gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia chini sakafuni. Kwa hiyo chumba cha mtungi kiwe na tundu la hewa chini ya ukuta, au mtungi ukae nje mahali pa salama. Mkinusa harufu ya gesi, msiwashe wala kuzima taa. Fungeni mtungi, fungueni milango, tokeni nje.

4. SAKAFU YA CHUMBA CHA WATOTO

Sakafu ya vumbi huhifadhi mayai ya minyoo, funza na uchafu wa kuku na mbuzi. Mtoto anayetambaa huviweka vyote mdomoni. Huko Mexico, jimbo la Coahuila lilianza mwaka 2000 kuwawekea wananchi maskini sakafu ya saruji mahali pa udongo. Walipochunguzwa baadaye, watoto ambao nyumba zao ziliondolewa kabisa sakafu ya udongo walionekana kuharisha pungufu kwa karibu nusu, na minyoo na upungufu wa damu vilishuka pia.

Ikiwa fedha haitoshi kumwaga jamvi nyumba nzima, mwageni chumba wanacholala watoto kwanza, kisha jiko, kisha sebule. Wengi hufanya kinyume, wakaanza na sebule ili wageni waione. Kifusi kishindiliwe kwa tabaka, mawe yapangwe juu yake, itandikwe karatasi ya nailoni ili unyevu usipande, ndipo zege limwagwe. Mchanganyiko wa kawaida ni kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Zege na plasta vimwagiliwe maji kwa siku saba. Zege linalokaushwa na jua siku ya kwanza hupasuka, na fedha yenu hugeuka vumbi tena.

Wale ambao saruji bado haijapatikana wasikate tamaa. Sakafu ya udongo inayoshindiliwa vizuri, ikakandikwa na kunyunyiziwa maji kabla ya kufagia, ni bora mara nyingi kuliko kifusi. Kuku na mbuzi wajengewe banda lao.

Kuta nazo zitazamwe. Katika nyufa za kuta na sakafu za udongo hujificha kunguni, na katika baadhi ya mikoa papasi, ambao huleta homa ya kurudiarudia, hatari hasa kwa mama mjamzito na mtoto wake. Kusiriba ukuta ni kazi ya udongo, maji na nguvu za mikono. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika habari ya papasi, usipoziba ufa utauguza mgonjwa.

5. MAJI YAENDE YANAKOTAKIWA

Maji ya mvua ni rafiki yakiingia tangini, na ni adui yakiingia msingini. Sakafu ya nyumba iwe juu ya ardhi ya nje kwa angalau sentimita 15, na upenu utokeze vya kutosha, sentimita 60 hivi, ili mvua isipige ukuta. Kuzunguka nyumba pawe na mfereji wa kuyapeleka maji mbali. Ukuta wenye unyevu huota ukungu, na ukungu huzidisha pumu na mafua yasiyokwisha.

Hesabu ya kuvuna maji ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la meta za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 kwa siku moja hutoa lita 1,200. Hata tukiondoa yanayopotea, zinabaki kama lita 1,000. Hizo ni ndoo 50 ambazo mama na binti hawakuzibeba kichwani. Ndiyo maana tunasema mifereji ya bati pembeni mwa paa ina thamani kuliko nakshi za barazani.

Maji ya mwanzo ya kila mvua yamwagwe, kwa kuwa yamebeba vumbi na vinyesi vya ndege. Tangi au pipa lifunikwe kwa wavu, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

6. UMEME NA HATARI ZA KIWANJANI

Umeme wa kuunganisha kwa majirani kwa waya uliopitishwa juu ya ua umeua watu. Kazi ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Adai waya wa kwenda ardhini, na swichi zinazojikata zenyewe umeme ukizidi. Ni gharama, lakini mkumbuke kwamba nyaya hufukiwa ndani ya plasta, na kosa lililofukiwa halionekani mpaka limtupe mtu chini.

Wakati wa ujenzi wenyewe, tuwaangalie wanaofanya kazi, hasa vijana wetu wanaosaidia. Saruji mbichi hula ngozi. Avae viatu vya mpira na mifuko mikononi, na ikimwingia machoni aoshwe kwa maji mengi na kupelekwa zahanati. Mbao zenye misumari zikusanywe kila jioni. Aliyechomwa na msumari aende kuulizia chanjo ya pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo. Shimo la choo au la karo lisilale wazi hata usiku mmoja. Kifuniko cha mbao nzito ni cha bei ndogo kuliko maisha ya mtoto.

WANAOKARABATI NYUMBA ZA ZAMANI

Wako wasomaji wetu wasiojenga upya bali wanakarabati nyumba ya urithi. Kwao tuna maneno mawili.

La kwanza ni juu ya paa la asbesto, yale mabati mazito ya kijivu yaliyoezekwa majengo mengi ya zamani. Likiwa zima na halijaguswa, hatari yake ni ndogo. Hatari huja linapokatwa, kutobolewa, kusuguliwa au kuvunjwa, maana hutoa vumbi la nyuzi ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo zikiingia mapafuni hazitoki, na huweza kuleta saratani baada ya miaka 20, 30 au 40. Kwa hiyo msilipande wala kulisugua kwa brashi. Msitumie vipande vyake kujengea banda la kuku wala kufukia shimo la njia. Kabla ya kuliondoa ombeni ushauri wa afisa afya wa wilaya au ofisi ya NEMC, ili litolewe likiwa limeloweshwa na zima, na litupwe mahali palipoagizwa.

La pili ni juu ya rangi ya zamani inayobanduka. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Msiisugue ikiwa kavu. Iloweshwe, ikwanguliwe, mabaki yakusanywe yote, na watoto pamoja na mama wajawazito wakae kwa ndugu mpaka usafi uishe. Mnaponunua rangi mpya, ulizeni dukani ile isiyo na risasi.

TUJIULIZE KABLA YA KUPAKIA VYOMBO

Kwa kifupi, baba na mama wakae pamoja na karatasi hii, waweke alama panapostahili:

– Choo kipo, kina mlango, na pana maji na sabuni ya kunawia?
– Mwanya wa upenuni umezibwa, na madirisha ya vyumba vya kulala yana wavu?
– Jiko lina mahali pake, na moshi una njia ya kutoka?
– Chumba cha watoto kina sakafu ngumu, au angalau iliyoshindiliwa na kukandikwa?
– Maji ya mvua yanaondoka ukutani, na pipa lina kifuniko?
– Mashimo yamefukiwa, misumari imeokotwa, na nyaya zimefanywa na fundi wa kweli?

Mkikosa moja au mawili, ahirisheni kwa mwezi mmoja, muwe mmelipa kodi hiyo ya mwisho kwa moyo mkunjufu. Mkikosa manne, pagale hilo bado si nyumba.

Tunajua kwamba katika mazungumzo ya namna hii mara nyingi mwenye neno la mwisho ni yule anayeshika fedha. Lakini anayekesha na mtoto mwenye homa, anayevuta moshi na anayebeba ndoo kwa kawaida ni mama. Basi fundi anapokuja kupanga kazi, mama naye aitwe, aulizwe jiko likae wapi na dirisha liwe na ukubwa gani. Fundi atajenga alichoagizwa, na anayeagiza awe anajua nyumba inavyotumika.

Pia tusaidiane. Kushindilia sakafu, kusiriba ukuta, kuchimba choo cha mjane au cha mzee asiye na vijana ni kazi ambazo jumuiya ya familia kumi huweza kuzimaliza kwa Jumamosi mbili. Saruji itanunuliwa, ila udongo, mawe na mikono tunavyo.

Rangi ya nje itakuja, na geti litakuja, kila kitu kwa wakati wake. Wageni wakifika wakakuta ukuta haujapigwa plasta lakini watoto wana afya na wanakwenda shule kila siku, watajua kwamba hapo pana nyumba.

Tukutane tena katika toleo lijalo.